Kikohozi, Nimonia na Vidonge vya Rangi Mbili: Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Msimu wa kahawa unapofunguliwa huko Kashozi, fedha huingia nyumbani. Ndio wakati ule ule wa kiangazi ambapo vumbi la kahawa inayoanikwa, moshi wa jikoni na baridi ya alfajiri huzidisha vikohozi. Mwanachama aliyepeleka magunia yake chamani asubuhi hupitia duka la dawa alasiri, akiwa na mtoto mgongoni, au akiwa na maelezo ya mtoto tu: anakohoa, kamasi zamtoka, usiku alipata joto. Huomba vidonge vya rangi mbili, vinne au sita, kwa kadiri ya fedha aliyokusudia kutumia. Au huomba septrini ya maji. Siku ya tatu mtoto hupata nafuu, na dawa iliyobaki huwekwa kabatini imngojee mgonjwa mwingine. Mambo hayo yamezoeleka hata hakuna anayeyaona kuwa ni habari. Somo hili lahusu vidonge hivyo vinne.

Vidonge vya rangi mbili, septrini na dawa nyingine za jamii hiyo huitwa viuavijasumu. Wengi huzijua kwa jina la antibiotiki. Kazi yake ni moja: kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Si dawa ya homa, si dawa ya maumivu, wala si dawa ya kikohozi kwa jumla.

Kashozi si mahali pageni kwa dawa ya hospitali. Mapadri Weupe walijenga hapo misheni yao ya kwanza katika Buhaya mwaka 1892. Lakini kwa karibu nusu karne baada ya hapo penisilini haikupatikana, si Kashozi wala Ulaya kwenyewe. Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928, na wagonjwa walianza kutibiwa nayo katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo nimonia iliweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake katika muda wa siku chache, na aghalabu mganga hakuwa na mengi ya kufanya zaidi ya kumpa maji na kungoja. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi isiyotosha huweza kuwafanya vijidudu wawe sugu. Dawa ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano ya kutumika, na tayari mvumbuzi wake alikuwa na wasiwasi juu ya vidonge vinne.

Ili tofauti ya bakteria na virusi ieleweke, mkulima wa Kagera hana haja ya kwenda mbali zaidi ya kibanja chake. Mnyauko wa kahawa, uliong'oa mibuni mingi ya robusta mkoani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huletwa na kuvu. Mnyauko wa migomba, ulioingia mkoani katika miaka ya 2000, huletwa na bakteria. Batobato ya muhogo huletwa na virusi. Magonjwa hayo matatu yote huyafanya majani yaharibike, na mtu asiyejua huweza kuyaita kwa jina moja la “ugonjwa wa mimea”. Lakini hakuna bwana shamba atakayemshauri mkulima kunyunyizia muhogo wenye batobato mrututu uliokusudiwa kuvu. Fedha itapotea, na muhogo utabaki na batobato yake.

Hali ya kifua na koo ni hiyo hiyo. Mafua, kikohozi cha kawaida, koo linalowasha na sauti iliyokauka, aghalabu ni kazi ya virusi, na kiuavijasumu hakiwezi kuwagusa virusi. Magonjwa hayo huja na kuondoka kwa nguvu ya mwili wenyewe. Mafua huchukua kama wiki moja, na kikohozi huweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi kidogo hata kama ugonjwa wenyewe umekwisha. Hapa ndipo penye mtego. Mtoto aliyenunuliwa vidonge siku ya tatu hupona siku ya saba, na mzazi husema vidonge vimemponya. Jirani yake asiyenunua chochote naye hupona siku ya saba, lakini yeye hana cha kukisifu, kwa hiyo habari yake haisimuliwi.

Haya hayasemwi kwa kubahatisha. Mwaka 2008 wataalamu waliwachunguza watoto 1,005 wa umri usiozidi miaka 10, waliofika wakiwa na homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara. Walitumia vipimo ambavyo zahanati ya kawaida haina. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na maambukizo ya njia ya hewa. Katika maambukizo hayo, yale yaliyothibitishwa kwa eksirei kuwa nimonia yalikuwa 5 tu katika kila 100. Kwa jumla, watoto wapatao 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria. Waliokuwa na malaria walikuwa kama 10 katika kila 100.

Je, ni wangapi waliohitaji kiuavijasumu, na ni wangapi hupewa? Uchunguzi mwingine ulifanywa Dar es Salaam kati ya mwaka 2014 na 2016 kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa. Katika matibabu ya kawaida, watoto wapatao 95 katika kila 100 waliandikiwa kiuavijasumu. Pale ambapo waganga walifuata mwongozo wa hatua kwa hatua pamoja na vipimo vidogo vya pale pale, ni watoto kama 12 tu katika kila 100 walioandikiwa, nao walipona vema. Baadaye, mwaka 2021 na 2022, jambo kama hilo lilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Kiasi kilishuka kutoka watoto 70 katika kila 100 hadi 23.

Takwimu hizo zaonyesha wazi kwamba kosa si la mwanachama wa dukani peke yake. Mganga mwenye foleni ya watu sitini mlangoni, asiye na kipimo cha kumhakikishia kwamba si nimonia, huona ni salama zaidi kuandika dawa kuliko kueleza. Naye mzazi aliyetembea saa mbili hataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Asipopewa kidonge huona hakutibiwa, na pengine humnenea mganga kwamba ni mchoyo. Kila mmoja humwogopa mwenzake, na kidonge huwapatanisha. Hata kilipoletwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kwa hakika kimeokoa dawa nyingi za malaria zisitumike bure, ilionekana huko Dar es Salaam kwamba wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa viuavijasumu zaidi kuliko zamani. Dawa ilibadilika, mazoea hayakubadilika.

Hata hivyo, ingekuwa hatari kubwa kama mwanachama angeondoka na wazo kwamba kikohozi cha mtoto si kitu. Nimonia ya bakteria ipo, huwaua watoto wadogo kwa haraka, na hapo kiuavijasumu ni lazima, tena bila kuchelewa. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mzazi ni kujua ni kikohozi kipi cha kukimbilia kituoni. Kwa bahati njema alama yake kubwa haihitaji mashine. Ni pumzi.

Mtoto huangaliwa akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, na nguo yake imepandishwa hadi kifuani. Anayehesabu hutazama kifua na tumbo vikipanda na kushuka. Kila kupanda ni pumzi moja. Huhesabu kwa dakika moja kamili kwa saa ya mkononi au ya simu. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mwendo ulio sawa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, pumzi zake ni za haraka mno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kiasi ni 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto anayekohoa na kufikia hesabu hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kitoto cha chini ya miezi 2 kinachoonekana kuugua kipelekwe hata kama hesabu haikufika, na kama kimehesabiwa 60, kihesabiwe mara ya pili wakati safari inaandaliwa.

Ziko alama nyingine zisizongoja hesabu. Sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, badala ya kutanuka. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au hutapika kila anachopewa. Amepatwa na degedege, au amelegea na kulala usingizi usio wa kawaida, au midomo imegeuka rangi. Huyo hapelekwi dukani hata kidogo, na hangojewi apambazukiwe. Katika kijiji chenye pikipiki moja tu inayotegemewa usiku, yafaa namba ya mwendeshaji wake ijulikane na kila nyumba kabla ya siku hiyo.

Kwa mtu mzima, alama za kumpeleka hospitali ni kupumua kwa shida, kichomi kikali anapovuta pumzi, homa isiyoshuka, kuchanganyikiwa, au makohozi yenye damu. Wazee, wajawazito na wenye pumu wasisubiri sana. Rangi ya makohozi peke yake, yawe ya njano au ya kijani, si ushahidi wa bakteria, ingawa wengi huiamini kuliko alama nyingine yoyote.

Mtoto asiye na alama hizo hutunzwa nyumbani. Anyonye au anywe mara kwa mara, ale kidogo kidogo, pua isafishwe kwa kitambaa laini kabla ya kunyonya, na joto lituliwe kwa parasetamoli kwa dozi ya umri na uzito wake. Maji ya vuguvugu yenye asali hutuliza koo, nayo asali haikosekani Bukoba. Lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Mtoto asilazwe jikoni penye moshi wa kuni. Tena kadi yake ya kliniki itazamwe, kwani chanjo mbili zinazozuia sehemu kubwa ya nimonia ya bakteria zimekuwa zikitolewa nchini bila malipo, ya kwanza tangu mwaka 2009, na ile ya nimokoka tangu mwaka 2013. Kati ya yote yaliyotajwa katika somo hili, hakuna lililo rahisi zaidi ya hilo, na ndilo husahauliwa mara mtoto anapoanza kutembea.

Sasa kuhusu usugu. Bakteria wanaoishi mwilini hawako sawa wote. Wachache kati yao huwa na uwezo wa kuvumilia dawa fulani. Dawa inapotolewa bila sababu, au kwa dozi pungufu, wanyonge hufa na wavumilivu hubaki, wakapata nafasi ya kuzaliana. Kisha huhamia kwa ndugu, kwa mwanafunzi mwenzake darasani, kwa jirani. Mnyauko wa migomba ulilifundisha jambo hili vizuri zaidi ya kitabu chochote. Mkulima aliyepita na panga lake bila kulipitisha motoni hakuua mgomba wake peke yake. Alibeba ugonjwa mpaka kibanja cha pili, na mwenye kibanja hicho hakuwa na kosa lolote. Ndiyo sababu kazi ya kukata migomba iliyougua na kusafisha zana ilihitaji kijiji kizima, si mtu mmoja mwenye bidii.

Madhara ya usugu yamekwisha kuonekana nchini. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa kwa maambukizo mazito mwaka 2001 na 2002 walipimwa damu. Kati ya wale waliokutwa na bakteria wa kundi moja lililo gumu kutibika, zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki. Kati ya wenye malaria walifariki kama 20. Mojawapo ya mambo yaliyoashiria kifo ni kwamba bakteria waliomwingia mtoto hawakusikia dawa aliyopewa. Kwa dunia nzima, imekadiriwa kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu. Wengi wao hawakuwa wameidharau dawa. Walirithi usugu uliotengenezwa na watu wengine.

Mkoa wa Kagera una jambo lake la pekee linalopaswa kutajwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na hakuna chama cha msingi kisichokuwa na jamaa waliofiwa. Baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa na kliniki septrini ya kumeza kila siku, ili kuwakinga na maambukizo mengine. Hiyo ni amri ya mganga, ina sababu yake, na haimo katika lawama za somo hili. Mtu wa namna hiyo asiache dawa yake kwa kusikia kwamba viuavijasumu vina madhara. Wala asiombwe na jirani agawe vidonge viwili vitatu kwa mtoto anayekohoa. Kufanya hivyo humpunguzia yeye kinga, na mtoto hapati tiba.

Duka la dawa si adui. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa kusudi la kuviletea vijiji dawa bora na wauzaji waliofunzwa, nao umesaidia mno mahali ambapo zahanati iko mbali au dawa zimekwisha. Muuzaji aliyefunzwa, akiona mtoto anapumua haraka, atampeleka kituoni badala ya kumwuzia. Lakini muuzaji huyo pia ana kodi ya kulipa, na mteja anayeshika noti na kudai vidonge vinne ni mtihani kwa kila mtu. Mwanachama anaweza kumsaidia kwa kubadilisha swali. Badala ya kusema, “Nipe amoksilini,” aeleze mgonjwa ni nani, ana umri gani, ameanza lini, na kisha aulize kama dawa inahitajika. Akiwa na cheti cha mganga, anunue dozi yote iliyoandikwa. Fedha isipotosha, ni bora arudi kwa mganga au aombe mkopo wa dharura chamani, kuliko kununua nusu.

Hapa chama cha msingi kina nafasi yake. Katibu anayefungua daftari la mapokezi ya kahawa huonana na watu wengi kwa wiki moja kuliko mganga wa zahanati. Wakati wa kusubiri mizani, mama mmoja aliyefunzwa na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuwaonyesha wenzake jinsi ya kuhesabu pumzi, kwa mtoto aliyepo pale pale. Kazi hiyo haichukui robo saa. Hesabu tatu, yaani 60, 50 na 40, zaweza kuandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani karibu na bei ya kahawa, mahali ambapo kila jicho hupita. Wanachama wanaofuga nao wakumbushwe kwamba dawa za sindano wanazowachoma ng'ombe na zile wanazowatilia kuku majini ni za jamii hii hii, na zitolewe kwa ushauri wa bwana mifugo.

Yabaki mambo mawili ambayo duka haliwezi kuyatatua kwa vyovyote. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi, hasa kikiwa na kukonda, jasho la usiku au damu, kinahitaji kipimo cha makohozi kwa ajili ya kifua kikuu; kipimo na dawa zake hutolewa bila malipo. Mtu anayezungushwa kwa viuavijasumu vya dukani mwezi baada ya mwezi huendelea kuwaambukiza walio nyumbani mwake, wajukuu wakiwa wa kwanza. Na homa kali ya ghafla yenye kutapika, kuharisha au kutoka damu yapasa itolewe habari kituoni mara moja, mgonjwa asiguswe ovyo. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya.

Mwenye dawa zilizobaki kabatini azichukue zote, pamoja na pakiti zake, azipeleke kituo cha afya au duka la dawa muhimu zikateketezwe. Asizitupe chooni wala katika shimo la migomba.